Siku tano Idjwi, simu ndani ya kitunga



Katika mkutano wetu wa mwisho niliwaeleza kwa kifupi safari niliyofanya na watoto wangu wawili kisiwani Idjwi. Wengine mlicheka, wengine mlinyamaza, na mama mmoja alinifuata mlangoni akaniuliza: "Kwa kweli ulizima simu siku nzima-nzima, wewe mwenye kasa yetu?" Mama Mwenyekiti akaniomba niandike yote katika gazeti letu. Basi nimeandika, na mahali nilipokosea sikupaficha.

Ninyi mnanijua. Ninauza vikwembe soko la Nyawera, na ninatunza kasa ya likelemba yetu. Simu ndiyo duka langu la pili. Asubuhi kabla ya kuwasha makala ninapiga picha za vikwembe vipya na kuzituma kwa wateja. Mchana ninapokea pesa kwa simu, ninaagiza mzigo kwa simu, ninajibu mwalimu wa watoto kwa simu. Usiku, wakati nyumba imelala, ninahesabu michango yetu kwa simu. Siwezi kuisema vibaya. Zamani mama yangu akitaka kutuma habari mjini alitafuta mtu anayepanda boti, akamwambia maneno, na maneno yale yalifika baada ya siku tatu, mengine yakiwa yamegeuka. Leo ni dakika moja.

Lakini mambo mawili yalinigusa mwezi ule wa Pasaka. La kwanza: usiku mmoja, macho yakiwa mazito, nilituma dolari 40 za kikundi kwa namba isiyo yake. Tarakimu moja tu nilikosea. Mwenye kuzipokea hakujibu tena. Nililipa kutoka mfuko wangu, na hakuna aliyejua mpaka leo ninapoandika. La pili ni dogo zaidi, lakini liliniuma zaidi. Mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa ananieleza kitu juu ya mbuzi wa jirani. Mimi nilikuwa ninasema "ndiyo, ndiyo" huku ninaandika. Akanikamata kidevu kwa mikono yake miwili, akageuza uso wangu, akasema: "Mama, sikia na macho."

Sikia na macho. Siku ile maharagi yaliungua, nami nikaamua: likizo ya Pasaka tunakwenda kwa mama yangu, kisiwani.

Boti ya mbao

Tuliondoka Jumanne baada ya Pasaka, asubuhi mapema, mimi na binti yangu wa miaka 13 na yule mdogo. Bwana wangu alibaki na mkubwa wetu. Daftari la likelemba nilimwachia mama mwingine wa kamati, na wateja niliwaandikia kwamba nitarudi Jumamosi.

Kuna boti za mwendo wa haraka, lakini pesa yangu ilitosha boti ya mbao, ile inayobeba watu, magodoro, chumvi na kuku pamoja. Niliomba jile za kuokolea kwa sisi watatu kabla ya kupanda, na mwenye boti alipochelewa kuzitoa nilikaa chini kwenye mawe nikangoja. Tangu watu wengi walipokufa maji karibu na bandari ya Kituku kule Goma, Oktoba 2024, sioni haya kuomba jile. Nanyi msione haya.

Boti ilipotoka kati ya rasi za Bukavu, mji ulianza kurudi nyuma pole pole. Nimekaa mji huu miaka 19, lakini kutoka majini niliuona kama mgeni: nyumba juu ya nyumba, Kadutu imepanda mlima hadi juu, mabati yanang'aa. Upande wa kuume ni Rwanda. Upande wa kushoto ni vilima vya Kabare, na nyuma yao, mawingu yalipofunguka, tukaona mlima Kahuzi, ambao urefu wake ni meta 3,308. Binti yangu alitaka kuupiga picha, lakini picha ilionyesha kitu kidogo cha bluu tu. Akaitazama, akautazama mlima, kisha akaweka simu chini. Nilifurahi, lakini sikusema kitu.

Mwanamke mmoja mzee aliyekaa na kuku zake alianza kuwaeleza watoto habari za ziwa. Mengine nilikuwa nimeyasahau. Ziwa Kivu liko juu, karibu meta 1,460 kupita bahari, na mahali penye kina kirefu linafika meta 485. Chini kabisa kuna gesi nyingi iliyolala ndani ya maji, na upande wa Rwanda wameanza kuitumia kwa kutengeneza umeme. Hakuna mamba, ndiyo sababu watoto wa kisiwani wanaoga bila hofu hiyo. Na sambaza tunazokaanga kila siku hazikuwamo zamani: zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama yule alisema: "Mama yangu alinieleza kwamba utotoni mwake hakuna aliyejua jina hilo la sambaza." Binti yangu alicheka, hakuamini. Kwake yeye, sambaza na ziwa ni kitu kimoja tangu kuumbwa kwa dunia.

Katikati ya safari rezo ilianza kuchezacheza. Wenye kusafiri ziwani mnajua mambo haya: simu inaacha rezo ya Kongo, inakamata ile ya Rwanda, na yuniti zinaisha hujapiga hata mara moja. Nilizima ya kwangu ili nisiliwe yuniti. Huo ndio ukweli, wamama. Sikuanza kwa hekima, nilianza kwa ubahili.

Jioni ya kwanza

Idjwi ni kisiwa kirefu, kimegawanyika katika shefferi mbili, Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Kwetu ni kusini. Kutoka bandarini tulipanda kwa miguu karibu saa moja, kati ya migomba na mananasi na kahawa. Hakuna gari katika njia ile, pikipiki chache tu. Yule mdogo alisimama kila mahali: mbele ya mjusi, mbele ya jiwe, mbele ya mwanamke anayetwanga. Mara tatu nilimwambia "twende haraka", na mara ya tatu nikajiuliza: haraka ya kwenda wapi?

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni. Alinyanyuka aliposikia sauti yangu, akaja na mikono mbele, akanishika mabega, akanishika uso, akanishika masikio. Nilifikiri ni furaha. Ilikuwa furaha, lakini haikuwa furaha peke yake. Hilo nitalieleza.

Nyumbani kwake hakuna umeme. Kuna taa moja ya jua tu, ambayo kaka yangu aliinunua. Nikaitia simu yangu ndani ya kitunga cha maharagi, nikakitundika ukutani. Jioni ile mkono wangu ulitafuta simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilikuwa ninakoroga bugali, mkono unashuka mfukoni. Nilikuwa ninaongea na mama, mkono unashuka mfukoni. Mara moja nilisikia hata mtetemo wa simu kwenye kiuno, na simu iko ukutani! Binti yangu alikuwa na hali mbaya kuliko mimi. Alilia wazi. Alisema marafiki wake wanaongea bila yeye na kesho hatajua wanacheka nini. Nilitaka kumkemea, lakini nilimwelewa. Mimi pia niliogopa kwamba soko linaongea bila mimi.

Koko yake alimsikia akilia, akamuuliza: "Nani amekufa?" Binti akajibu: "Hakuna, koko." Mzee akasema: "Basi njoo unisaidie kuchambua maharagi."

Kahawa haina haraka

Siku ya pili tulikwenda shambani. Wengi wetu tunakunywa chai na tumesahau kahawa, lakini Idjwi kahawa ndiyo iliyotusomesha. Mti wa kahawa unaupanda leo, unangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna kitu cha maana. Matunda hayaivi siku moja: kwenye tawi moja kuna mekundu, ya manjano na mabichi. Lazima uchume jekundu peke yake kwa vidole, uyaache mengine, urudi juma lijalo. Kisha unamenya ganda, unachachusha, unaosha, unaanika juu ya meza za nyavu, unageuza kwa mikono siku nyingi. Ukichanganya mabichi na mekundu, ladha inaharibika na wanunuzi wanashusha bei.

Watoto wangu hawakujua pia kwamba kahawa hii ilibeba huzuni. Miaka ya zamani, bei ya huku ilipokuwa mbaya na barabara zimefungwa na vita, wanaume wengi waliivusha usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda. Wengi walikufa maji. Baba yangu mdogo aliondoka usiku mmoja na magunia mawili, hakurudi. Mke wake alibaki na watoto watano. Baadaye vyama vya ushirika vilianza kukusanya kahawa na kuiosha hapa hapa, na watu wakapata sababu ya kubaki nchi kavu. Nilimweleza binti yangu habari hii tukiwa tumesimama chini ya mti uleule ambao baba yangu mdogo aliupanda. Alikuwa hajaisikia hata siku moja. Miaka 13 tunakaa nyumba moja, na sikuwahi kupata nafasi ya kumwambia! Au nafasi ilikuwapo, nami niliijaza na mambo mengine.

Ndipo binti yangu akanivuta kikwembe. Akasema kwa sauti ndogo: "Mama, koko anachuma mabichi."

Nilitazama kitunga cha mama yangu. Mekundu, mabichi, ya manjano, hata majani. Mama huyu, ambaye utotoni alinipiga mkononi kwa tunda moja la kijani! Nilimsogelea, nikaona vidole vyake vinapapasa tawi kwanza, vinaminya tunda, vinauliza kama ni laini. Hakuwa anatazama. Nikakumbuka mikono juu ya uso wangu jana yake. Nikakumbuka jinsi alivyomwaga maji nje ya kikombe, na jinsi alivyokaa kivulini akisema jua linamchoma macho.

Nikamuuliza: "Mama, unaniona?"

Akajibu: "Ninaona kwamba kuna mtu."

Wamama, mimi nilimpigia mama yangu simu kila Jumapili. Kila Jumapili, sikukosa. Nilijisifu kwa jambo hilo. Dakika tano: umeamkaje, umekula, pesa imefika, watoto wanakusalimu, Mungu akulinde, kwa heri. Kila mwezi nilituma picha za watoto kwenye simu ya kijana wa jirani ili amwonyeshe. Na kila mara kijana alinijibu: "Koko anasema ni nzuri sana." Alisema ni nzuri kwa sababu hakutaka kijana ajue kwamba haoni kitu.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Hakukasirika. Alisema: "Sikukuficha. Uliniuliza kama nimekula. Hukuniuliza kama ninaona. Na ulikuwa na haraka."

Nilikaa chini kati ya miti ya kahawa. Yule mdogo akaja akakaa juu ya miguu yangu. Hatukuchuma tena asubuhi ile.

Mbalamwezi

Sikulala vizuri. Usiku wa siku ya tatu nilishuka ziwani na watoto. Mwaka huu mwezi ulikuwa mkubwa bado, na ziwa lilikuwa jeupe kama sahani. Nilitegemea kuona taa za wavuvi na kusikia nyimbo zao za kupiga kasia, kama nilivyozoea tangu utoto. Lakini mitumbwi yote, ile inayofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, ilikuwa imevutwa ukingoni. Wanaume walikuwa wamekaa wanashona nyavu kwa mwanga wa mwezi. Wengine walicheza karata. Mmoja alikuwa amembeba mtoto wake mgongoni, anazunguka tu.

Binti yangu akamuuliza mzee mmoja kwa nini hawafanyi kazi. Mzee akasema: "Sambaza anafuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwaka, ziwa lote ni taa. Atufuate sisi kwa sababu gani? Siku hizi tunashona nyavu, tunaona wake zetu, tunawajua watoto wetu. Giza likirudi, tunarudi majini."

Kila mwezi, wamama. Kila mwezi wavuvi wana siku zao za kukaa ukingoni, na hakuna anayewaita wavivu. Wanajua kwamba wavu usioshonwa hautabeba samaki hata giza likiwa zuri. Mapumziko yao yamo ndani ya kazi yenyewe, hawayaibi. Nikawaza juu yetu sisi. Sisi taa tumeiweka mfukoni, inawaka usiku na mchana, na sisi wenyewe ndio sambaza tunaoifuata.

Nilimsikia binti yangu akiuliza maswali mengine: wavu unashonwaje, tundu likiwa kubwa inakuwaje, nyimbo zinasema nini. Aliuliza karibu saa nzima. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nilimtazama usoni kwa mwezi, nikaona amerefuka, amekuwa na uso wa mama yangu. Hilo nalo nilikuwa sijaliona, na macho yangu mimi ni mazima.

Juu ya mlima na simu mkononi

Sasa sikieni sehemu hii vizuri, ili mtu asiseme nimewafundisha kutupa simu.

Siku ya nne niliitoa simu ndani ya kitunga, nikapanda mlima nyuma ya kanisa, mahali ambapo rezo ya Kongo inakamatika. Nilipoiwasha ilitetemeka mkononi kama kuku aliyekamatwa. Ujumbe 214. Mteja mmoja mkubwa, aliyetaka vikwembe 12 vya arusi, alikuwa ameandika mara nne, kisha akaandika kwamba amenunua kwa mwingine. Hiyo ilikuwa hasara ya kweli, na sitawadanganya kwamba haikuniuma. Ujumbe uliobaki, karibu wote, ulikuwa "asubuhi njema", picha za maua, na habari za watu nisiowajua.

Lakini kwa simu hiyohiyo nilimpata mama mmoja wa kikundi chetu ambaye ni muuguzi. Nikamweleza ninachokiona: weupe katikati ya jicho, jua linamchoma, anaona watu kama kivuli. Akaniambia: "Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ile ambayo madaktari wanaita katarakte. Mlete. Usiweke dawa yoyote ya miti ndani ya jicho." Alinieleza kwamba ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo kinachopitisha mwanga, na kwa wazee kinaweza kuwa na ukungu. Miwani haiondoi ukungu ule. Daktari wa macho anakitoa kioo cha zamani na kuweka kingine kidogo cha kutengenezwa, na mara nyingi mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi, wanatia ganzi jichoni tu.

Kabla sijashuka mlima, kamati yetu ilikuwa imekwisha kukubali kunikopesha kutoka kasa ya kusaidiana. Kwa barua ya mkono na mtu wa boti, jambo hili lingechukua majuma mawili. Kwa simu lilichukua dakika 40. Ndani ya simu ile kuna tantale, madini yanayotoka katika koltani, na koltani inachimbwa katika vilima vyetu vya Kivu kwa jasho la watu wetu. Si kitu cha wageni tu. Ni haki yetu kuitumia vizuri, na ni haki yetu pia kuiambia: sasa kaa kimya.

Nilishuka. Nikairudisha ndani ya kitunga. Jioni ile na siku iliyobaki nilikaa na mama yangu. Alinieleza habari za ndoa yake, za njaa moja ya utoto wake, za ndugu yangu aliyekufa kabla sijazaliwa, ambaye sikujua hata jina lake. Maneno kama haya hayaji katika dakika tano za Jumapili. Yanakuja baada ya kunyamaza kwanza. Mnachambua maharagi, hakuna anayesema, jua linashuka, kisha mzee anaanza.

Jumamosi tulirudi Bukavu watu wanne.

Baada ya safari

Jicho moja limekwisha kutibiwa. Siku ya kufungua bandeji, mama yangu alitazama dirisha kwanza, kisha mikono yake mwenyewe, na akasikitika kwa jinsi ilivyozeeka. Kisha akamtazama binti yangu, akamtazama sana, akasema: "Kumbe ni wewe uliyekuwa unalilia simu. Una uso wangu." Jicho la pili litafuata tukimaliza deni la kwanza. Ninalipa kila juma, na mtunza kasa wa muda ananidai bila huruma, kama mimi ninavyowadai ninyi.

Nyumbani tumeweka kitunga karibu na mlango. Kuanzia jua linapozama hadi watoto wanapolala, simu zote zinaingia mle, ya bwana wangu pia. Tunakiita kitunga cha mbalamwezi. Juma la kwanza lilikuwa vita. Juma la pili bwana wangu alianza kutueleza habari za kazini kwake, tukacheka. Siku nyingine tunashindwa: mgonjwa yuko hospitalini, au mzigo wangu uko njiani. Siku hiyo ninasema wazi, "leo giza limerudi, ninakwenda majini", na watoto wanaelewa. Likelemba ninahesabu asubuhi, macho yakiwa mapya, na sijakosea namba tena.

Kwa wenye watoto wadogo ninaongeza hili. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na mwenye miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku, na chini ya hapo ni vizuri zaidi. Ninajua kwa nini tunawapa simu. Tunapika, tunauza, tumechoka, na simu inamnyamazisha mtoto. Nami nimefanya hivyo. Siku hizi ninampa sahani ya maharagi achambue na mimi. Anayamwaga, ndiyo, lakini anaongea, nami ninamsikia.

Si kila mtu ana mama kisiwani, na nauli ni pesa. Lakini nani kati yetu hana mahali? Kuna wenye shamba Kabare au Walungu. Kuna ukingo wa ziwa, ambao tunauona kila siku kutoka mlimani na hatushuki. Kuna bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba. Kwenda kwa miguu, bila kitu mkononi, pamoja na mtoto mmoja, nusu saa, haidai hata franka moja.

Na ninawaomba kitu kimoja juma hili. Kama una mzazi mbali na wewe, usimuulize tu kama amekula. Nenda ukamwone. Kama huwezi kwenda, omba mtu unayemwamini amfanyie hivi: amfunike jicho moja kwa mkono, asimame hatua chache mbele yake, ainue vidole, amuulize ni vingapi. Kisha jicho la pili. Andikeni majibu mje nayo mkutanoni. Mama muuguzi amekubali kukaa nasi baada ya hesabu, na tutaona pamoja ni nani anahitaji kupelekwa kwa daktari, na kasa ya kusaidiana inaweza kubeba wangapi.

Tutakapofika, kitunga kitakuwa mlangoni. Mama yangu amesema yeye ndiye atakayekishika, kwa sababu sasa anaona nani anaficha simu chini ya kikwembe.